Washenga wa Udongoni

"Bibi, songi zako unazichuma wapi hasa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka minane, nimekaa kizingitini kwake kijijini Dalbat asubuhi ya sikukuu ya mavuno. Alikuwa anachana uyoga wa songi kwa vidole, mchirizi mmoja mmoja, anauchovya kwenye mafuta ya ufuta yenye chumvi. Akaniwekea kipande mdomoni. "Tafuna," akasema. Mwaka huo sikupata jibu jingine.

Jina lake ni Eom Jeomrye, ila kijijini hakuna aliyelitumia. Mwanamke aliyeolewa Dalbat huitwa kwa kijiji alikotoka, na yeye alitoka Cheongi. Kwa hiyo tangu ana miaka ishirini na mmoja alikuwa Mama Cheongi, na nywele zilipopata mvi akawa Bibi Cheongi. Alipofika kama bi harusi, mama mkwe wake alikuwa akitoka alfajiri kila mwezi wa tisa na mfuko wa kitambaa, anarudi jua likiwa limepanda, nguo zimejaa harufu ile ambayo ukishainusa huisahau: mdalasini kidogo, soksi kidogo, na msonobari. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Dalbat mtu haulizi. Mahali songi inapoota haambiwi jirani, haambiwi ndugu, na wengi hawawaambii hata watoto wao mpaka siku wanapoona kifo kimekaa miguuni mwa kitanda.

Baada ya miaka kumi na mmoja miguu ya mama mkwe ilikataa mlima. Siku moja ya mvua akamwita mkwewe, akamwambia achukue fimbo. Walikwenda katika mvua ili nyayo zisibaki. Alimwonyesha mara moja tu.

"Na mwanao je?" Bibi Cheongi alimuuliza wakati wa kushuka.

"Mwanangu akinywa bakuli mbili, mdomo wake hauna mlango," mama mkwe akasema. "Wewe ndiye unayejua kunyamaza."

Basi Bibi Cheongi alimficha mume wake mwenyewe siri hiyo miaka thelathini, wakilala chini ya blanketi moja. Alitoka kwa njia ya kijito akarudi kwa njia ya mashamba ya pilipili. Akishachuma alirudisha udongo, akaukandamiza kwa kiganja, akatandaza majani ya msonobari mpaka hata yeye ilibidi atazame mara mbili. Baba yangu, Gwangseok, alipokuwa na miaka kumi na saba alijaribu kumfuata. Bibi alimzungusha mlimani saa tatu nzima, akamwingiza kwenye miiba, kisha akageuka akasema, "Ah, na wewe umekuja? Vizuri, nibebee hizi kuni." Baba hakujaribu tena. Lakini jambo lile lilimkaa moyoni. Kila mwaka kwenye meza ya mavuno alikuwa akisema, kama mzaha, "Mama, mimi ni mwanao kweli au waliniokota?"

Kila majira ya baridi Bibi alikwenda kufagia mlima wake. Majani yaliyooza aliyakokota kwa reki akayatupa mbali, ili udongo chini ya misonobari ubaki mkavu, wa changarawe, maskini. Mtu wa mjini angedhani anaitesa miti. Baba aliwahi kumshauri amwage mbolea ya kuku.

"Ukiulisha mti huu," Bibi akamjibu, "unawasahau wenzake wa chini."

Wenzake wa chini ni nani, hakujua kusema. Alijua kwa mkono na kwa pua. Aliyekuja kuyatia maneno mambo hayo ni Daktari Pyo.

Pyo Serin alifika Dalbat mwaka uleule niliouliza swali langu. Alitoka kwenye kituo cha utafiti wa misitu huko pwani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buti zimemzidi miguu. Wazee walipoambiwa ni daktari walijipanga na magoti yao, wakagundua anatibu udongo.

"Daktari gani asiyetibu hata goti," Bibi akasema, lakini akamkaribisha ndani, kwa sababu ilikuwa wiki ya kutia chumvi kabichi za kimchi, achari yetu ya majira ya baridi, na mikono haikutosha. Daktari Pyo akavua koti, akakunja mikono ya shati, wakatia chumvi kabichi themanini. Jioni wakala tambi baridi, na hapo ndipo daktari alipoitumia meza ya Bibi kama ubao wa shule. Nilikuwepo. Sikupepesa macho.

Aliweka figili nzima katikati ya meza. "Bibi, huu ndio mzizi wa msonobari." Kisha akachota tambi kutoka bakuli la Bibi kwa vijiti, akaizungushia figili mpaka ikavaa kama soksi. "Na hizi ni nyuzi za songi. Uyoga tunaokula ni tunda tu, mwili wenyewe ni nyuzi hizi za kuvu, ziko chini. Mzizi peke yake ni mnene, haufiki mbali. Nyuzi zinapita hata unywele usipopita. Zinaleta maji na madini, na mti unazilipa sukari unayoipika juu kwenye majani. Kuvu akiondoka, mti unadumaa. Mti ukifa, kuvu anakufa."

"Umeniharibia tambi."

"Nitakupikia nyingine. Sasa tazama." Akachukua ufuta uliokaangwa, akaunyunyiza juu ya tambi na figili. "Hawa ni bakteria. Wadogo mno, kijiko kimoja cha udongo kina wengi kuliko watu wa nchi hii yote. Zamani tulidhani wapo wapo tu. Lakini kuna wanaolainisha ngozi ya mzizi ili uzi upate pa kuingilia. Wengine wanampa kuvu habari kwamba mzizi uko upande huu. Wengine wanayeyusha madini yaliyogandamana na jiwe. Bila wao kuvu anaweza kupita kando ya mzizi bila kuuona, kama kijana asiyejua nyumba ya mchumba."

Bibi akatazama ufuta. "Kumbe washenga."

Daktari Pyo akasimamisha vijiti hewani. "Ndiyo," akasema. "Washenga." Akalitoa daftari akaliandika neno hilo.

"Na hao washenga wanakula nini?"

"Makombo ya pande zote mbili."

"Basi hakuna jipya. Aliyeniletea posa mimi alimaliza kuku mzima, akaomba na shingo."

Walicheka, kisha daktari akasema alichokifuata. Alitaka kupanda miche midogo ya msonobari pembeni kabisa ya mahali songi inapoota, iwe inagusana na nyuzi zilizo hai na bakteria wake, iachwe miaka miwili mpaka mizizi ishikwe. Halafu ahamishie miche hiyo milima mingine. "Songi haipandwi kwa mbegu, Bibi. Watu wamejaribu miaka mia. Inaambukizwa tu, kutoka mzizi hadi mzizi. Siku ugonjwa ukija, au moto, kijiji kitakuwa na akiba mahali pengine. Ila lazima mtu anionyeshe mahali pa kweli."

Alikuwa ameshabisha hodi nyumba ishirini na mbili. Kumi na tisa walimkatalia mlangoni, wawili walijifanya viziwi, mmoja alimfungulia mbwa.

Bibi Cheongi angeweza kukataa. Lakini unamkataliaje mtu uliyetia naye chumvi kabichi themanini, aliyekula kwako, aliyekuita bibi? Na unamwonyeshaje mahali ambapo hukumwonyesha mume wako mpaka ukamzika? Alimimina chai ya shayiri, akaipuliza muda mrefu.

"Njoo Alhamisi," akasema.

Alhamisi alfajiri, kabla daktari hajafika, Bibi alipanda kwenye bega la mlima juu ya tangi la maji, mahali ambapo songi haijawahi kuota tangu dunia iumbwe. Alikuwa na songi tatu ndani ya aproni. Alizichomeka udongoni, akazizungushia majani ya msonobari, akarudi nyuma hatua tatu kutazama, akarekebisha moja iliyoinama. Saa nne alimpandisha daktari pale, akimwambia atazame anapokanyaga.

Daktari Pyo alizikuta. Alipiga magoti. "Bibi," akasema, "sijui nikushukuru vipi." Akamwinamia mpaka kipaji cha uso kikagusa majani. Bibi aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo angeweza kusema, na kwamba maneno yalifika hadi kwenye meno.

Miche sitini ilipandwa pale mlimani, juu ya tangi. Baada ya miaka miwili daktari aliing'oa, akaosha mizizi, akaitazama kwa hadubini. Palikuwa na kuvu weusi, kuvu wa njano, kila kuvu wa barabarani, ila songi hapana. Akapanda miche mingine sitini. Akachota udongo kila mwezi, akahesabu bakteria, akatafuta kwa nini kuvu wa songi, ambaye yupo pale, ambaye yeye mwenyewe alimwona na akamwinamia, anakataa kuingia kwenye mizizi. Miaka minne. Mwishoni aliandika kwamba udongo wa Dalbat umekosa bakteria wanaosaidia, kwamba washenga hawapo, na kwamba kwenye milima ya aina hiyo kazi ya kuambukiza miche haina faida. Kituo kikafunga kazi ya Dalbat.

Alimtumia Bibi nakala. Kurasa kumi na nne, na katika ukurasa wa tatu kulikuwa na picha ya mgongo wa Bibi mwenyewe, amesimama mlimani, juu ya tangi la maji. Herufi zilikuwa ndogo kwake, kwa hiyo nilimsomea mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijivunia kujua kutamka majina ya bakteria.

"Kwa hiyo kosa ni la udongo?" Bibi akauliza.

"Wameandika hivyo."

Aliikunja ile nakala mara nne, akaketi juu yake.

Moto ulikuja mwezi wa tatu uliofuata, na upepo wa magharibi. Msonobari una utomvu, ukishika moto haungui taratibu, unapasuka, na koni zake zinaruka kama makaa yenye mabawa hadi bonde la pili. Wazee walipakiwa kwenye basi na nguo walizovaa. Bibi alikaa siku tatu kwenye ukumbi wa shule mjini, kwenye godoro la sponji, na kila askari wa zimamoto aliyeingia kunywa maji alimuuliza kuhusu mlima. Nyumba hakuiulizia. Nyumba iliungua pia, mitungi yote ya kimchi ikapasuka, lakini hilo aliambiwa na wengine.

Dalbat waliwekewa nyumba za kontena, za kijivu, zimepangwa kwenye uwanja wa kukaushia mpunga. Mwaka ule ililetwa miche ya msonobari na wazee wote waliojiweza walikwenda kuipanda kwenye mteremko mweusi. Bibi alipanda mia na kumi. Nilikwenda kumwona kila likizo, na kila likizo nilipima mche mmoja kwa rula yangu ya shule, kwa sababu sikuamini. Sentimita nane. Sentimita nane. Sentimita nane na nusu, na sindano zake zimekuwa za njano. Miti ilikuwa haifi. Ilikuwa imekaa tu.

Daktari Pyo alirudi vuli ya mwaka wa pili, buti zilezile. Hakuna aliyemwita, alikuwa anapita vijiji vyote vilivyoungua. Alichimba mche mmoja mbele ya kontena la Bibi, akauosha kwenye karai. Mzizi ulitoka mwembamba, mtupu, unang'aa kama mkia wa panya.

"Unaona Bibi, hauna soksi," akasema. "Moto ulishuka udongoni. Uliwaua kuvu, ukawaua na bakteria waliokuwa wanawaunganisha, halafu mvua ikabeba tabaka la juu lote. Mti huu uko hai lakini hauna mtu."

Baba alikuwa anafunga waya wa sola juu ya paa. Mimi nilikuwa nimeshika karai. Bibi akakaa kwenye kreti la soda, akaweka mikono juu ya magoti.

"Daktari," akasema, "pale juu ya tangi hapajawahi kuota songi."

Daktari Pyo hakuelewa mara moja. Aliendelea kuzungusha mzizi majini.

"Nilizichomeka mimi. Zile tatu. Alfajiri ya Alhamisi."

Maji kwenye karai yakatulia. Baba akaacha waya.

"Miaka minne," daktari akasema polepole. "Nilihesabu bakteria wa pale miaka minne."

"Najua. Mjukuu wangu alinisomea."

"Niliandika kwamba udongo wenu ni mbovu."

"Najua."

"Bibi, watu wamelisoma andiko lile. Kuna vijiji viwili vilitaka kujaribu, vikaacha kwa sababu yangu. Vyote viwili vimeungua."

Bibi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na chai ya shayiri. Daktari Pyo hakuipokea. Bibi akabaki ameishika ile glasi kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa akakosa mtu wa kumpa. Baba hakushuka kutoka juu ya paa. Nadhani alikuwa anaogopa tuone uso wake.

Daktari akajifuta mikono. "Pale penyewe ni mbali?"

"Kwa goti langu, saa nzima."

"Twende."

Walikwenda wawili tu. Hata hapo, Bibi alitugeukia mimi na baba akasema, "Nyinyi kaeni na chakula." Tulikaa na chakula. Yaliyotokea huko alinihadithia yeye. Zamani ukikwangua majani pale, chini ulikuta weupe, mkavu kama unga wa mchele, umeshikana ardhini upana wa mikeka kadhaa, na ule weupe ndio songi yenyewe. Safari hii alikwangua akakuta rangi ya kutu, halafu nyeusi, halafu changarawe. Akaweka udongo puani. Akauweka mdomoni. Daktari alikuwa amejaza vichupa vyake ishirini, akamwona anatafuna, hakumwambia ateme.

Daktari alipiga simu baada ya wiki sita. Hakuna uzi wa songi ulio hai, hata kwa kina cha mkono mzima. Bakteria wapo maelfu, lakini ni wale wanaopenda majivu. Na katika mabaki machache yaliyonusurika chini ya jiwe moja alikuta alama za wale washenga wenyewe aliowatafuta miaka minne, wa aina asiyowahi kuiona kwingine.

"Kama miche sitini tu ingekuwa imekaa hapo miaka miwili kabla ya moto," akasema, na hakumalizia. Alikuwa mtu wa adabu.

Palibaki njia moja, na daktari aliisema bila kuitilia chumvi: udongo ulio hai kutoka mahali pengine pa songi, pamoja na nyuzi na bakteria wake, uwekwe kwenye mizizi ya miche. Mara nyingi haifanyi kazi. Ng'ambo ya mto upepo ulikuwa umegeuka, kijiji cha Mzee Nam hakikuungua hata jani. Mzee Nam alikuwa rafiki wa marehemu babu, umri wake themanini na mmoja, na songi zake zilijulikana mpaka sokoni Pohang, mjini kwetu. Baba akampakia Bibi na ndoo garini, na mimi nikakaa nyuma.

Mzee Nam alikuwa barazani anamenya matunda ya kaki ya kukausha. "Shemeji," akasema, "umekuja kuniposa?"

"Nikupose nikufanyie nini, huna hata jino la kutafunia."

"Nina mawili. Yanatazamana."

Alitukaribisha, akamimina pombe ya mchele, akamwekea Bibi kaki laini kabisa. Bibi hakuzunguka. Alimweleza kuhusu mizizi iliyo uchi, kuhusu kuvu, kuhusu washenga. Akainama mpaka mikono ikagusa sakafu. "Ndoo moja tu ya udongo wa mahali pako, shemeji. Sitaki kujua ni wapi. Kachimbe mwenyewe."

Mzee Nam alimenya kaki moja zima bila kukata ganda lake. Kisha akavaa kofia, akachukua ndoo, akaondoka kwa njia ya nyuma. Alirudi baada ya saa mbili, anahema, ndoo imejaa, imefunikwa kitambaa chenye maji, na juu ya udongo ameweka songi moja nzuri, kifuniko chake hakijafunguka bado. "Na hii ya kuliwa," akasema. Bibi akamwinamia tena. Hata baba alimwinamia.

Tulipovuka daraja Bibi aliitoa ile songi, akanipa niishike. Akachukua udongo kiganjani, akanusa. Akanusa tena. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka baba akasimamisha gari kando ya barabara akidhani ni moyo.

"Mama, nini?"

"Udongo wa chini ya mikastania huu, si wa misonobari," Bibi akasema, anajifuta macho. "Kaiweka songi juu ili pua yangu idanganyike. Ningefanya vilevile. Yeye kaongeza na kitambaa."

"Turudi tumwambie?"

"Umwambie nini? Kwamba kajifunza kwangu?"

Aliutumia udongo ule hata hivyo. Kila mche kiganja kimoja, miche arobaini, akiwa amepiga magoti juu ya gunia. Na hapa mimi nilishangaa, kwa sababu vuli iliyofuata ile arobaini ilikuwa imekuwa ya kijani na imefika sentimita kumi na tisa, na ile mingine bado nane na nusu. Nilikimbilia kontena na rula mkononi. Daktari Pyo alichimba mmoja, akauosha, na mzizi ukatoka umevaa soksi nyeupe. Nilimwangalia usoni. Hakuwa na furaha.

"Ni kuvu wa kawaida," akasema, "na bakteria wa kawaida waliokuja naye. Itakuwa miti. Kwa hilo umefaulu, Bibi. Lakini nafasi kwenye mizizi imeshachukuliwa, songi hata ikipita haitaingia kirahisi. Na songi haikai na mti mchanga. Inataka mti wa miaka ishirini, thelathini."

"Mimi nina sabini na tisa."

"Ndiyo," daktari akasema.

Bibi alikwenda kwa Mzee Nam mara moja zaidi. Safari hii hakuomba kitu. Alimweleza yote, zile songi tatu, tangi la maji, andiko, vijiji viwili. "Shemeji, daktari atakuja kwako na miche. Mwonyeshe pa kweli. Upepo haugeuki kila mwaka."

"Ameshakuja," Mzee Nam akasema. "Nimemwonyesha."

"Umemwonyesha wapi?"

Mzee Nam akatazama ncha za viatu vyake. "Pazuri," akasema.

Bibi hakumkemea. Angeanzia wapi? Alipanda gari, na njia nzima alitazama mto.

Mwaka huu, mimi nikiwa na miaka kumi na sita, kontena zinaondolewa. Wengine wamejenga, wengi wamekufa au wamechukuliwa na watoto wao. Goti la Bibi limekataa kabisa. Baba alikwenda kumchukua Jumapili iliyopita aje kukaa nasi Pohang, ghorofa ya kumi na moja. Mizigo yake ilikuwa mabegi mawili na mtungi mmoja. Hakuaga miche. Alifunga mkanda wa gari mwenyewe, kwa shida, akakataa kusaidiwa.

Tulipita chini ya mlima. Ile arobaini ilionekana kutoka barabarani, mabaka machache ya kijani kwenye mteremko mkubwa wa vigogo vyeusi. Baba aliwasha redio. Bibi alikuwa amekaa nyuma pamoja nami, mkono wake juu ya wangu, mkavu kama kawaida. Alipoanza kuongea hakunitazama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeelekeza mgeni duka liliko. Baba akazima redio.

"Uliniuliza siku ile unakula," akasema. "Unapanda njia ya makaburi. Ukilifikia kaburi la babu yake babu yako, watu wote wanaendelea mbele, wewe zunguka nyuma yake ushuke, hatua arobaini hivi, mpaka usikie maji ingawa huyaoni. Hapo kuna jiwe limekaa kama ng'ombe aliyelala. Upande wa kichwa chake ilikuwepo misonobari mitano, imepinda yote upande mmoja. Simama katikati. Ni hapo, upana wa mikeka sita, hapazidi. Mtu yeyote akikuuliza, mwambie."